Uji wa Sauti Tatu

Njiti ya kiberiti ilikwaruza gizani, ikafa. Nyingine ikakwaruza, ikashika. Fundi akaikinga kwa kiganja, akaiingiza chini ya mkaa, kisha akachuchumaa na kupepea kwa kipande cha boksi, taratibu, majivu yasije yakarukia magauni ya wateja yaliyotundikwa nyuma ya cherehani. Baraza ile ilikuwa na kazi nyingi. Mchana ilikuwa karakana ya ushonaji, jioni sebule, na alfajiri kama hii, kabla jogoo wa jirani hajaamua kuwika, ilikuwa jiko.

Maji yalipochemka alimimina unga alioukoroga pembeni kwa maji baridi, akashika mwiko. Uji ukaanza kushika, ukatoa mapovu, ukasafisha koo.

"Serikali inawajali wananchi wake wote," ulisema, kwa sauti ya Diwani. Povu moja likapanda, likapasuka. "Siku ya kura mtukumbuke."

Fundi aliendelea kukoroga. Uji usipokorogwa hufanya mabonge, useme usiseme.

Dirisha la chumba cha mama mkwe wake lilitazamana na jiko. Pazia lake alilishona Fundi mwenyewe, kwa kitambaa kizito kuliko joto la nchi lilivyoruhusu, lakini halikusaidia. Bibi aliuliza kutoka ndani kama huyo si Diwani. Fundi alikiri kwamba ndiye. Bibi akasema basi yeye atakunywa maji ya moto, kama jana, na asisumbuliwe.

Mambo haya yalianza mvua ilipokosa kunyesha. Unga wa dukani ulipanda bei hadi ukawa wa kutazama tu, kama gari la harusi ya watu. Ndipo misaada ikaja kwa milango mitatu, maana mtaa ule ulikuwa na kanisa upande wa juu, msikiti upande wa chini, na ofisi ya Diwani katikati, karibu na bomba. Kila mlango uligawa viroba vyake, watu wakashukuru, wakaenda kupika. Unga ulipochemka, ukasema. Kila unga ulisema yaliyokuwa moyoni mwa aliyeutoa, kwa sauti yake mwenyewe, ukianza na neno zuri na kumalizia na lile lililojificha nyuma yake.

Unga wa kanisa ulisema, kwa sauti nene ya Mchungaji, kwamba upendo wa Mungu hauuzwi wala haununuliwi, halafu ukaongeza kwamba waliokosa ibada wiki iliyopita wameonekana. Unga wa msikiti ulisema, kwa sauti laini ya Shehe, kwamba hii ni haki ya mwenye njaa na si fadhila ya mtu, halafu ukaguna kidogo na kusema kwamba mngekuwa wetu mngepewa mapema. Wa Diwani tumekwishausikia. Unga wa dukani, kwa wale wachache waliomudu, haukusema kitu, kwa sababu aliyeuuza alikuwa amekwishapata chake na hakuwa na la ziada.

Mtaa ulizoea upesi. Mwenye nyumba alilalamika juu ya kelele, akaombwa alalamike baada ya staftahi. Mama mmoja wa nyumba ya nyuma alikuwa anaomba unga wa Shehe tu, kwa kuwa sauti yake ilimbembeleza mtoto akalala. Na Chiriku, binti wa Fundi, aliyeitwa hivyo kwa sababu ulimi wake ulilala baada yake na kuamka kabla yake, alikunywa uji ungali wa moto mno, akacheua darasani neno "mtukumbuke." Mwalimu alimwambia kwamba mtoto mwenye adabu huziba mdomo, somo likaendelea.

Wala si kwamba wale watu watatu walikuwa wabaya. Mchungaji aliuza pikipiki yake ili viroba vya kwanza vipatikane, akarudi kwenye baiskeli bila kunung'unika. Shehe alisimama juani siku nzima akipima kwa kopo, na alipokosea alikosea kwa kuzidisha. Hata Diwani, lori lilipokwama mchangani, alivua viatu akasukuma. Lakini moyo wa mtu ni kabati. Ukilifungua kutafuta shuka, kuna na vingine vinavyoanguka.

Tatizo la Fundi lilikuwa Bibi, au tuseme njaa ya Bibi.

Kwa miaka mingi Bibi aliwaongoza kina mama wa huduma pale kanisani. Hakuna mgonjwa aliyelala kitandani mtaani bila kikapu chake kufika, wala msiba ambao sufuria yake haikuwa ya kwanza. Alijua kutoa kama Fundi alivyojua kutunga uzi kwenye sindano: bila kutazama. Kwa hiyo unga wa kanisa ulipokuja, alimwagiza mkwewe aupike huo kwanza. Akaoga, akavaa gauni la buluu, akaketi barazani na mikono mapajani, akitarajia pengine wimbo. Uji uliposema kwamba waliokosa ibada wameonekana, Bibi, ambaye wiki hiyo magoti yalikuwa yamemkatalia kupanda kilima, aliweka kijiko chini. Akakitazama kidogo. Kisha akaingia ndani, akavua gauni la buluu, akalikunja.

Tangu hapo hakugusa unga wa mlango wowote. Alisema maisha yake yote ametoa bila kuuliza mtu kitu, na umri huu si wa kujifunza kupokea chenye bei. Chakula chenye masharti ni mtego, alisema, na panya mwenye mvi haingii mtegoni. Akawa anaishi kwa maji ya moto, na tunda siku lilipopatikana.

Wengine wangeona mashavu. Fundi aliona gauni. Alilipunguza kiunoni kwa pini, akalishona; baada ya siku chache akalipunguza tena, na safari hii mishono miwili ya ubavuni ikakaribiana kama watu wanaotaka kunong'onezana siri. Kitambaa kilichobaki ndani kilikuwa kingi kuliko kilichobaki nje. Alimpigia simu mumewe, dereva wa malori ya masafa, aliyekuwa mpakani akisubiri mzigo. Mume alisema mama yake ni mbishi tangu hajazaliwa yeye, ambembeleze tu. Muuguzi wa zahanati alimpima Bibi mapigo, akamtazama macho, akasema dawa yake haiko kwenye kabati la zahanati, iko jikoni.

Fundi alijaribu. Alibeba unga akaenda kuupikia nyumba ya nyuma, akausubiri utulie na kupoa, maana uji ukitoka motoni ulinyamaza, kisha akaleta bakuli na tabasamu. Bibi alilipokea bakuli kwa mikono miwili, akalinusa, akauliza uji huu ulisema nini. Fundi aliweza kumwambia mteja kwamba gauni litakuwa tayari kesho bila kupepesa jicho, ilhali kitambaa hakijakatwa. Lakini mwanamke huyu aliyempokea akiwa bibi harusi mwenye sanduku moja, aliyemkanda mgongo wiki zote za uzazi, Fundi hakuwahi kumdanganya. Akasema ulisema mtukumbuke. Bibi akamrudishia bakuli, akamshukuru kwa kusema kweli.

"Mama, utaniachia mimi lawama," Fundi alimwambia.

"Lawama haiui, mwanangu," alisema Bibi. "Kalale."

Wazo la kuchanganya lilimjia akiwa kwenye cherehani, na lilikuwa wazo la fundi cherehani. Alikuwa anashona shuka la viraka. Kiraka chekundu peke yake kinapiga kelele. Cha njano vilevile. Ukiviunga na cha kijani, jicho huchoka, halikioni hata kimoja, na shuka linakuwa shuka tu. Alitafakari, akaona hakuna sababu ya sikio kuwa tofauti na jicho. Asubuhi ya Jumamosi alichukua kikombe cha unga wa kanisa, kikombe cha msikiti, kikombe cha Diwani, akavichekecha pamoja na kuviweka motoni.

Sufuria ilichemka, kukawa kimya kwa muda wa kutosha mtu kuanza kutabasamu. Kisha sauti tatu zikaanza kwa pamoja, zikagongana, zikaombana radhi, zikapeana zamu.

Sauti ya Mchungaji ilisema kwamba kumlisha mwenye njaa ni kazi ya waumini tangu zamani, na serikali ikizoea kushika sahani ya mtu mwisho itashika na ulimi wake. Sauti ya Diwani ikajibu kwamba kapu la sadaka halijawahi kujenga zahanati, na kwamba hicho kinachoitwa msaada ni kodi ya wananchi inayorudi nyumbani. Sauti ya Shehe ikauliza, kwa upole, kama ni kodi ya wananchi wote, mbona kiroba kina picha ya mtu mmoja. Mapovu yakazidi. Diwani akauliza nani aliyeahidiwa kiwanja cha ukumbi wa kanisa akakubali. Mchungaji akasema kiwanja ni jambo la maombi. Shehe akasema sadaka ni deni la mwenye mali kwa Mungu, na mtu anayelipa deni hapigi tarumbeta. Mchungaji akasema neno hilo hata kwake limo. Kwa muda uji ukalainika, ukawa kama maziwa. Halafu kila mmoja akakumbuka kamati yake, ukashika tena.

Watoto wa nyumba jirani walikuja na vikombe, wakakaa chini. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara, mjane wa kiume aliyekuwa muumini wa msikiti wa chini, alimwacha mteja na nusu ya kichwa, na mteja naye akaja na nusu yake. Mchungaji mwenyewe alikuwa anapita na baiskeli, akasimama. Shehe mwenyewe alikuwa anatoka bombani na ndoo, akaitua. Fundi aliwapisha kwenye benchi la wateja, wakakaa bega kwa bega, wakasikiliza. Mchungaji alisema sufuria imekata aya katikati lakini maana haikupotea. Shehe alisema sauti yake hapo ina mafua kidogo, labda ni moshi. Hoja ilipopigwa vizuri walitikisa kichwa, kila mmoja kwa ya mwenzake, kama watu wanaotazama mpira wa timu zisizo zao. Walicheka pale Diwani wa sufuriani alipokohoa na kusema hilo atalifikisha panapohusika.

Ndipo mama wa nyumba ya nyuma, mwenye mtoto mgongoni, akainamia sufuria na kuuliza kwa heshima: kikibaki kikombe kimoja, kinakwenda kwa nani.

"Wetu," sauti tatu zikasema.

Ilikuwa mara ya kwanza zinakubaliana bila kupeana zamu. Mchungaji alitazama kengele ya baiskeli yake. Shehe alitazama maji ya ndoo. Wakaaga vizuri, wakasifu moto wa mkaa, wakaondoka, mmoja juu, mmoja chini. Jioni viroba viligawiwa kama vilivyogawiwa siku zote, wetu kwanza, wengine baadaye, na hakuna aliyeuliza.

Fundi alipopeleka bakuli ndani, Bibi alikuwa amekaa kitandani na uso wa mtu aliyesikia yote.

"Mchungaji peke yake nilimkataa," alisema. "Leo unaniletea mkutano wa hadhara niunywe."

Akageukia ukuta. Usiku ule, alipokuwa akimfunika, Fundi aliushika mkono wake akaweza kuuzungushia kidole gumba na cha shahada vikakutana, na vikapishana. Alikaa ukingoni mwa kitanda hadi miguu ikafa ganzi.

Kesho yake, jua likielekea kuzama, Kinyozi alionekana akivuka barabara. Alikuwa amebeba jiko la mkaa likiwaka, kalishika kwa matambara mikono yote miwili, na juu ya jiko palikuwa na sufuria inayochemka. Chini ya kwapa alibana kopo la bati. Waendesha baiskeli walimpisha. Alipiga hodi kwa mguu, maana mikono haikuwa na nafasi.

Yeye na Bibi walikuwa watani wa muda mrefu. Bibi alisema Kinyozi ana dua ndefu na kazi fupi. Kinyozi alisema kengele ya kanisa ndiyo saa pekee ya mtaa, bahati mbaya haiko sawa. Lakini mkewe Kinyozi alipofariki, wa kwanza kufika alikuwa Bibi, na kopo la maharage makavu. Nusu ya maharage yale Kinyozi aliyala wiki ileile, wakati ambapo vyakula vilikuwa bado havijaanza kusema. Nusu ilibaki kabatini mwaka hata mwaka, kwa sababu maharage yanataka subira, na kinyozi ana wateja. Leo njaa ilimfundisha subira, akayaweka motoni. Alipoyasikia, akaona si haki kuyasikiliza peke yake.

Fundi alimtoa Bibi barazani, akamkalisha na mto mgongoni. Chiriku akasogea karibu na sufuria, kwa kuwa hakuna kilichomhusu zaidi ya kisichomhusu. Kinyozi akapepea.

"Pole sana, Kinyozi," maharage yakasema. "Kula, upate nguvu."

Ilikuwa sauti ya Bibi, mbichi kidogo kuliko ya sasa. Chiriku akaitazama sufuria, akamtazama Bibi, akarudi kwenye sufuria, kama mtu anayelinganisha picha na mwenye picha.

"Uone sasa ni akina nani wanaojua kumsaidia mtu," yakaendelea. "Na Jumapili ukisikia kengele, usijifanye kiziwi." Yakachemka kimya. Kila mtu alipodhani yamekwisha, yakasema: "Kopo langu ulirudishe."

Kinyozi akalitoa kopo kwapani, akaliweka mapajani mwa Bibi, akaomba radhi kwa kuchelewa.

Fundi hakujua atazame wapi. Aliogopa kwamba kilichokuwa kimebaki cha mama mkwe wake, ile heshima iliyomshikilia wima kama pini inavyoshikilia kitambaa kisicho na mshono, sasa kitachomoka. Bibi alilizungusha kopo mikononi. Alisema sauti ile ni yake, haikatai. Alisema siku ile njiani alilia machozi ya kweli. Kinyozi akasema anajua, aliyaona. Machozi yalikuwa ya kweli na kengele ilikuwa ya kweli, vilikuja katika kopo moja.

"Na nilikula, Mama Dereva," alisema. "Nikalala usingizi, mara ya kwanza tangu tumzike. Maneno yako yalikuwamo humohumo. Hayakunikwaruza tumbo."

Mabega ya Bibi yalianza kutikisika. Fundi akadhani analia, akanyanyuka, lakini ilikuwa kicheko; kilianzia mabegani kwa sababu hakikuwa na nguvu ya kuanzia tumboni. Kilipanda, kikamtoa machozi, kikamfanya Kinyozi naye acheke, na Chiriku akacheka kwa kufuata wengi.

"Ni makosa," Bibi alisema alipopata pumzi. "Kwangu ni makosa, na kwao ni makosa vilevile, mtu asinidanganye. Lete kijiko."

Alikula maharage ya Kinyozi yakiwa yanasema. Yalipofika tena kwenye kengele, aliyaambia yamesikika, yatulie. Fundi alijisogeza kwenye cherehani akajifanya anatafuta uzi mweupe, na uzi mweupe ulikuwa mbele ya macho yake, ila macho hayakuona vizuri.

Kuanzia siku hiyo Bibi alikula unga wa kila mlango, na kila mlango aliujibu. Alimwambia Mchungaji wa sufuriani kwamba magoti hayana dini. Alimuuliza Shehe wa sufuriani huko mapema ni saa ngapi, ili naye ajihimu. Alimwita Diwani baba, akamwambia achemke upesi, watoto wanachelewa shule. Mchungaji wa kweli alipokuja kumjulia hali, alimrudia maneno yaleyale, mbele ya chai. Mchungaji akakubali kwamba magoti hayana dini, akaandika jina lake miongoni mwa wagonjwa, na Jumapili akatangaza tena kwamba waliokosa wameonekana, isipokuwa wagonjwa. Fundi alifumua mshono mmoja wa gauni la buluu, na wiki iliyofuata akafumua wa pili.

Habari za sufuria zilimfikia Diwani, akafurahi sana. Alikuwa anatumia gari la matangazo na kijana wa kupiga kelele, na kumbe sauti yake ilikuwa inaingia kila jiko bure, alfajiri, watu wakiwa na njaa na masikio yao matupu. Akaamua mkutano wa mwisho kabla ya kura ufanyike uani kwa Fundi. Kipaza sauti kitashushwa sufuriani, na mtaa mzima usikie unga ukishuhudia wenyewe. Aliagiza uji wa unga wake uwe motoni tangu asubuhi.

Siku ilipofika, spika zilitundikwa juu ya paa la zahanati, juu ya duka na juu ya saluni ya Kinyozi. Lori liliegeshwa mlangoni limejaa viroba vipya, na picha kwenye viroba ilikuwa kubwa zaidi kuliko ya awali. Vijana waligawa kofia za chama. Hakuna aliyelazimishwa kuvaa. Waliovaa walielekezwa upande wa lori, wasiovaa upande wa ukuta, penye jua. Mchungaji alifungua kwa sala, akamshukuru Mungu kwa chakula, na kwa kiongozi, na kwa kiwanja. Shehe alikaa pembeni kwenye kiti cha plastiki na hakuvaa kofia ya mtu, lakini wajumbe wa kamati yake walizivaa juu ya zile walizokuja nazo, na alipowaona alisoma dua kimoyomoyo, ndefu kidogo kuliko kawaida.

Diwani hakuchelewa. Wakubwa hawachelewi, husubiriwa. Jua lilitoka ubavuni mwa mtaa likaja juu ya vichwa. Upepo nao ulipita, ukalipasua bango lake kuanzia sikio hadi kidevu, ikabidi Fundi aitwe haraka na sindano yake apande ngazi kumshona shavu. Kazi ya shavu inataka utulivu, hasa mtu akiwa anatabasamu. Akiwa kule juu alimwomba mama mkwe wake amsaidie kukoroga. Bibi, katika gauni la buluu lililomkaa sawa, alikuwa tayari ameketi kwenye kigoda kando ya jiko, bakuli mkononi, akizungumza na uji kwa sauti ya chini. Kutoka kwenye ngazi Fundi aliona kijiko kikipanda na kushuka, kikipanda na kushuka, bila haraka, akaona kwamba hajui tangu lini hajaona kitu kizuri kama kile, na akachoma kidole.

Diwani aliwasili, akapungia pande zote, hata upande wa ukuta. Alihutubia vizuri. Alisema serikali inawajali wananchi wake wote. Nyuma yake viroba vilikwishaanza kushushwa, na mikono iliyovipokea ilikuwa ya upande wa lori. Alisema hataki kujisifu, atawaachia unga useme. Akaomba ukimya. Wakanyamaza wote, wenye kofia na wasio na kofia; Mchungaji akainamisha kichwa, Shehe akanyanyua chake. Kijana wa mitambo akasogeza kipaza sauti hadi mdomoni mwa sufuria.

Spika zilitoa mlio wa mkaa ukitatarika. Zikatoa mlio wa nzi akipita. Diwani alingoja, akatabasamu kwa umati, akangoja tena. Kisha akakunja suruali kidogo magotini, akainama, akachungulia.

Chiriku, aliyekuwa akikitamani kile kipaza sauti tangu kilipofika, aliona hakuna anayekitumia. Akakivuta kwake kwa mikono miwili, akakilamba kwa ulimi kuona kina ladha gani, na sauti yake ikatoka juu ya zahanati, juu ya duka, juu ya saluni, ikapanda hadi kanisani na kushuka hadi msikitini:

"Bibi amemaliza uji wote."